Pedi Iliyowekwa Rehani kwa Baba

Mashine ya gemu ya zamani ikiamshwa hulia mara moja tu: pii. Sauti nyembamba, fupi, kama ya kifaranga aliyekanyagwa kidogo akaamua kusamehe. Juzi niliisikia ikipenya ukutani kutoka kwa jirani zangu hapa Mwanza, nikiwa napeta mchele, na mikono ikanisimama juu ya ungo. Sikuwa tena Mwanza. Nilikuwa sakafuni kwetu Chemchem, Tabora, mgongo wangu umeegemea ukuta wa chokaa, puani harufu ya maranda ya mninga kutoka karakana ya baba, na begani unga mweupe ambao mama angeukung'uta baadaye akiniuliza kama siku hizi nimegeuka ukuta. Sogeeni niwaeleze, maana jambo hili nimelikalia muda mrefu, na mchele unaweza kusubiri.

Nyumba yetu ilikuwa nyumba mbili chini ya paa moja la bati. Babu aliijenga kwa matofali ya udongo, manene, ya kumkinga mtu na jua la Oktoba. Mwanawe mkubwa alimpa upande wa mashariki, na mdogo, ndiye baba yangu, upande wa magharibi. Kwenye ukuta wa katikati alitoboa mlango, nao hakuuwekea kitasa wala komeo. Alikuwa akisema ndugu hawazungukiani uani kama wapangaji. Kupitia mlango huo chumvi ilihama, mkaa ulihama, na mimi na Mihayo tulihama kutwa nzima, hata mama zetu wakawa wanapakua chakula bila kujali mtoto aliyekaa mkekani ni wa nani. Mihayo alikuwa mtoto wa Baba Mkubwa. Tulizaliwa msimu mmoja wa mavuno, na kwa sisi Wanyamwezi watoto wa ndugu wawili wa kiume ni ndugu tu. Ukitaja ubinamu hapo, wazee wanakuuliza umesomea wapi.

Baba alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda, madawati, na mabenchi aliyoyapeleka hadi Kipalapala kwa mkokoteni, akarudi ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Baba Mkubwa alikuwa dereva wa lori, njia ya Mpanda na Kigoma, mtu wa kuondoka alfajiri na kurudi siku usiyoitegemea. Kila akirudi alikuwa na kitu: mawese, dagaa, migebuka iliyokaushwa. Safari moja alirudi na mashine ya gemu, ya mtumba, imefungwa kwenye kitenge cha Mama Mkubwa kama mtoto mchanga. Pamoja nayo zilikuja pedi mbili, zile za kushika kwa mikono miwili unapocheza, na pedi zenyewe hazikuwa na waya.

Hilo la kukosa waya ndilo lililotushinda. Mihayo alibonyeza kila palipobonyezeka. Kimya. Akaipuliza, akaipigapiga pajani kama tochi yenye betri chovu. Baba Mkubwa akacheka, akatoa kwenye mfuko wa shati kawaya kafupi, ncha moja akaichomeka kwenye pedi na nyingine kwenye mashine, akaniambia, "Nyamizi, bonyeza hapo katikati." Nikabonyeza. Taa nne nyekundu, ndogo kama punje za ulezi, zikaanza kupepesa zote kwa hofu, kisha zikatulia, ikabaki moja tu inawaka. Akachomoa waya. Nilidhani amekosea. Lakini kule kwenye kioo cha televisheni kale kamtu kangu kakaendelea kutii kidole changu.

"Zimeshajuana," Baba Mkubwa alisema. "Mgeni unamshika mkono siku ya kwanza tu. Kesho yake njia anaijua mwenyewe."

Kwa siku kadhaa nilikuwa nikipitisha kiganja hewani kati ya pedi na mashine, polepole, nikitaka kuyagusa maneno yanayopita hapo. Wakati mwingine naapa niliyahisi, vuguvugu, kama pumzi ya mtu anayetaka kukunong'oneza. Mama aliponikuta aliniuliza kama waya unaoleta sauti redioni nao nimeshauona, akanituma maji.

Masika yaliyofuata Babu aliugua. Aliuguzwa upande wetu, kwenye kitanda alichotengenezewa na baba. Baba alifunga karakana. Alimwogesha, alimgeuza, alimnywesha uji kwa kijiko huku akimsimulia habari za mbao. Baba Mkubwa alikuwa njiani. Mara lori limekwama, mara barabara imekatika, mara tajiri wake hakumpa ruhusa, na sauti yake ilikuja jioni kwenye simu ya baba kutoka mahali penye upepo mwingi. Babu alipofariki, Baba Mkubwa aliyawahi mazishi kwa shida. Na hapo ndugu wawili wakatofautiana. Baba alitaka mzee azikwe mjini, karibu, mahali ambapo angeweza kupita kila Jumapili akitoka misa. Baba Mkubwa akasema Itetemia, shambani, kando ya Bibi. Neno la mkubwa ndilo lililopita. Tulipotoka makaburini, mbele ya watu, baba akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka, wewe hukuwa mtoto wa kuuguza. Ulikuwa mtoto wa kupiga simu."

Sijawahi kusikia ua uliojaa watu ukinyamaza vile. Kesho yake baba alilisukuma kabati kubwa la mninga, la mteja, hadi kwenye mlango wa Babu, na upande wa pili tukasikia ubao ukipigiliwa misumari.

Siku ya kuanua matanga watani walikuja. Mnaoujua utani mnaelewa. Wasioujua niwape kidogo. Zamani wazee wetu walibeba mizigo mabegani kutoka huku hadi pwani, na huko njiani wakagombana na Wazaramo, wakala nao, wakapatana nao, mpaka wakawa watani. Mtani wako anaweza kukutukana msibani. Anaweza kuvaa koti la marehemu akamwiga anavyokohoa, tena ukacheka huku machozi yanakutoka. Anaweza hata kutwaa kitu chako unamwona. Ukikasirika, aibu ni yako. Na kitu kilichotwaliwa hakirudi hivi hivi. Kinakombolewa, na masharti anayapanga yeye.

Mtani wetu wa mtaani alikuwa Bi Tatu, Mzaramo mwenye sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya reli, aliyekuja Tabora kwa ndoa na kubaki kwa ubishi. Siku hiyo alikula, akamsuta Babu kwa kuondoka bila kumuaga, kisha akatazama huku na huku. Baba amekaa na wanaume upande huu, Baba Mkubwa na wanaume upande ule, wamepeana migongo. Bi Tatu akainuka. Akaingia kwa Baba Mkubwa bila hodi, tukasikia vitu vinapekuliwa, akatoka ameinua juu pedi moja. Ilikuwa yangu, yenye alama ya jino la Mihayo pembeni.

"Haya, Wanyamwezi!" alipaza. "Hiki nimekitwaa kwa mkubwa, nakiweka rehani kwa mdogo. Mkubwa akikitaka, aje na jogoo mkononi, akiombe kwa mdomo wake mwenyewe. Na mdogo asithubutu kukirudisha bila jogoo, nitakuja kulala kitandani kwake, mkewe ahamie jikoni!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Ndugu wawili nao walitabasamu, maana ilibidi. Bi Tatu akaidondosha pedi mapajani mwa baba, akaomba aongezewe wali. Lakini jogoo hakuja. Wiki zikapita, mvua zikaisha, hakuja. Baba aliiweka pedi juu ya kabati, na kila mgeni aliyeingia alikuwa akiinua macho, anaiona, kisha anaanza kuzungumzia bei ya tumbaku.

Halafu Mama Mkubwa akamnong'oneza mama bombani kwamba Baba Mkubwa anatafuta nyumba Mpanda. Shule zikifungwa wangehama wote. Mihayo angehama. Nilikuwa na umri wa kuamini kwamba mtu akienda Mpanda anakuwa mtu wa Mpanda, na siku tukikutana itabidi tuulizane majina. Jioni hiyo sikula, na mama akadhani ni malaria.

Alasiri moja, baba yuko karakana na mama yuko sokoni, nilipanda kiti nikaishusha pedi. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka kuishika tu. Nikaketi chini kando ya kabati, mgongo ukutani, nikabonyeza kitufe cha katikati ili nione zile taa zikihangaika. Zikapepesa. Na nyuma ya kichwa changu, ndani ya ukuta, kitu kikalia: pii.

Pedi haijui ugomvi wa watu. Ilikuwa bado inaijua ile mashine moja tu, iliyotambulishwa kwayo kwa mkono, na ukuta wa Babu pamoja na unene wake wote haukuizuia. Nilisikia miguu ya Mihayo ikikimbia, kisha kimya, kisha sauti yake imebanwa kwenye tofali.

"Nani huyo?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Nyamizi, mjinga wewe."

"Umeiwasha kutoka huko?"

"Sijui. Nimebonyeza tu."

Mihayo akasema neno ambalo hadi leo nikilikumbuka natabasamu peke yangu. "Basi cheza. Mimi nitakuonea huku kwenye kioo."

Tukacheza mpira, timu moja sote wawili. Kioo kilikuwa kwao, vidole vyangu vilikuwa kwetu. Kwa kuwa mimi ndiye niliyeiamsha mashine, taa ya kwanza ilishikwa na pedi yangu, na Mihayo, aliyezoea kuwa wa kwanza, akawa wa pili. Hilo alilinung'unikia wiki nzima. Lakini kazi yake aliifanya. Alikuwa mtoto wa kulala na redio sikioni, na sasa akageuka mtangazaji. "Nyamizi ana mpira! Anaambaa na pembeni, kushoto, kushoto bado, beki yuko mbele yake, mpige chenga, siyo hicho, kile kitufe cha duara! Aah, ameupoteza, ameupoteza mtoto wa seremala!"

Nilikuwa nikifumba macho. Kiwanja nilichokiona hakikuwa kile cha kwenye kioo. Kilikuwa Itetemia mwezi wa sita, asubuhi, umande miguuni, ukungu umekaa juu ya mabua ya mahindi yaliyokwisha vunwa. Wachezaji wangu walikuwa wakitokea kwenye ukungu huo mmoja mmoja, wana mizigo mabegani, wanaimba. Wakaishusha mizigo kandokando ya mstari, wakacheza peku. Mpira haukuwa na haraka ya kuanguka. Mwamuzi alikuwa Babu na koti lake, na hakupuliza filimbi hata mara moja, alikuwa akitembea tu katikati yao akitazama mahindi. Nikifunga bao, nililijua kwa shangwe iliyopenya ukutani, ikinifikia imechoka kidogo. Nimekwenda viwanja vya kweli tangu hapo, vyenye nyasi na taa. Kizuri kama kile sijakiona.

Ikawa ndizo alasiri zetu. Nabonyeza, mashine inaita, Mihayo anakuja. Tatizo letu kubwa lilikuwa matobolwa. Mama Mkubwa alimpa Mihayo viazi hivyo, vya kuchemshwa na kukaushwa juani mpaka vinakuwa vigumu kama ngozi, na mtu mwenye tobolwa mdomoni hawezi kutangaza mpira. Nilifungwa mabao mengi kwa ajili ya viazi.

Kisha pedi ikafa. Taa zilipepesa haraka haraka zikazimika katikati ya kona tuliyokuwa tunaipiga, na nilipobonyeza tena hapakuwa na pii. Nilijaribu chaja ya simu ya mama. Nilikwenda kwa fundi simu wa njia panda, akajaribu nyaya zake zote, pedi ikazikataa. Akaniambia aina hii hailishwi na umeme wa ukutani, inalishwa na mashine yake tu. Niliporudi Mihayo alikuwa anagonga tofali.

"Bonyeza!"

"Nabonyeza!"

"Mbona haiiti?"

Akaniambia kwamba sanduku la kwanza limeshafungwa, na kwamba sufuria kubwa, ile ya sherehe, imo ndani. Sufuria hiyo ndiyo iliyonimaliza. Sufuria ya sherehe ikishahama, ndugu zangu, watu wamehama. Nililia pale chini nimeikumbatia pedi, na Mihayo akalia upande wake, na kila mmoja akamwambia mwenzake kwamba halii.

Sikujua kwamba baba amesimama mlangoni. Alikuwa na randa mkononi, na maranda yamemganda kwenye mikono yenye jasho. Sijui alikuwa amesikiliza kwa muda gani. Aliichukua pedi mikononi mwangu taratibu, akaigeuzageuza, akaisogeza sikioni. Kisha akasema, "Vaa kandambili."

Tulikwenda kwa Bi Tatu. Alikuwa barazani anachoma vitumbua.

"Naomba ruhusa niirudishe hii," baba alimwambia. "Mtoto anaumia."

"Ruhusa hakuna. Jogoo yuko wapi?"

"Kaka hatakuja. Unamjua."

"Nawajua wote wawili, ndiyo maana nasikitika." Akageuza kitumbua. "Babu zenu walitembea kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani kwetu na mizigo mabegani. Tukawacheka, lakini tukawaheshimu. Nyinyi wajukuu zao mlango mmoja umewashinda, tena mikono mitupu!"

Baba akacheka. Hakuwa amecheka tangu msiba, na kicheko kilimtoka na kikohozi. Bi Tatu akaniuliza hicho kidude kina nini, nikamweleza habari ya njaa yake. Akafikiri huku mafuta yanachemka.

"Nisikilize wewe Mnyamwezi. Nilikukataza kuirudisha. Kuilisha sikukukataza, hata mbuzi wa rehani analishwa. Ila rehani haiachwi mikononi mwa mwenye mali. Nenda nayo, ishike mwenyewe mpaka ishibe, urudi nayo kwako. Ukiiweka chini kule, umeirudisha bila jogoo, na mimi nakuja na mto wangu."

Jumapili, baada ya misa, baba hakuvua shati la kanisani. Tulizunguka uani, tukapiga hodi kama wageni. Mama Mkubwa alitufungulia, akaziba mdomo kwa pindo la khanga. Baba Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake karibu na televisheni, na Mihayo mkekani, macho yamemtoka.

"Shikamoo, kaka," baba alisema.

Shikamoo haikataliki. Mkubwa anayeinyima jibu amejinyima ukubwa wake. Baba Mkubwa aliitazama sakafu, na neno likamtoka taratibu. "Marahaba."

Baba akaeleza sharti la Bi Tatu kwa kirefu na kwa adabu, kama wakili. Baba Mkubwa aliinama, akawasha mashine, akautafuta ule waya, akampa mdogo wake ncha moja. Na waya, niliwaambia, ulikuwa mfupi. Ilibidi baba aketi kwenye kigoda kando kabisa ya mashine, anatazamana na kaka yake, magoti yao yanakaribia kugusana, pedi mikononi, taa zinapepesa polepole.

Mimi na Mihayo tulisubiri mkekani. Mama Mkubwa akaleta chai. Akaleta matobolwa. Akakosa cha kuleta, akaleta maji. Baba alikunywa kwa mkono mmoja, na kiganja cha mkono wa pili kilikuwa kimeikinga pedi, sisi wa mkekani hatukuziona taa. Nje kuku walikuwa wakiparua majani makavu. Kipande cha jua kilichoingilia dirishani kilipanda ukuta, kikapita kalenda, kikaanza kuwa cha rangi ya chai. Nilisinzia, nikaamka, nikaota niko kwenye ule ukungu, nikaamka tena, na kila nikiamka niliuliza, "Baba, imejaa?" na kila mara alinijibu, "Bado."

Kisha umeme ukakatika.

Nilitaka kulia. Baba Mkubwa akasafisha koo, akasema, "Basi itabidi usubiri urudi."

"Itabidi," baba akasema.

Chumba kikawa na utulivu wa kanisani siku ya kazi. Baada ya muda Baba Mkubwa alianza kuongea, kwa Kinyamwezi, nami nawasimulia kama nilivyoelewa.

"Siku ya mwisho ya mzee nilipiga. Hakupokea."

"Alikuwa amelala. Sikutaka kumwamsha."

"Na siku zile nyingine? Alikuwa ananisikia? Maana upepo ulikuwa mwingi."

Baba aliitazama pedi kabla ya kujibu. "Jioni ikifika alikuwa ananiambia nimnyoe ndevu. Namwambia, baba, hiyo ni simu tu, kaka hakuoni. Ananiambia, nyoa, mwanangu anakuja. Hata maumivu yalipozidi, nyoa. Nikawa namnyoa. Siku usipopiga alikuwa analala amenuna, na kidevu chake safi." Akaikaza pedi mkononi. "Nilikuambia neno baya, kaka. Mimi ndiye niliyekuwa namnyoa, lakini aliyekuwa akingojewa ni wewe. Hilo ndilo lililoniuma."

Baba Mkubwa alitokwa machozi akiwa ameketi wima kama aliyeshika usukani. Hakuyafuta. Akasema kwamba Itetemia hakukuchagua ili kumshinda mtu. Shamba lile liko kando ya njia ya lori lake. Kila safari angeweza kupunguza mwendo pale, akapiga honi, na mzee akajua kwamba amepita salama.

"Ungeniambia," baba alisema.

"Ungeniuliza," alisema Baba Mkubwa.

Halafu akainuka, akatoka nje, na tukasikia purukushani ya mbawa. Mimi na Mihayo tulikimbia kusaidia, tukafukuza jogoo mwekundu kuzunguka choo na karakana mpaka akajichanganya kwenye mbao. Baba Mkubwa aliingia naye kwapani, akasimama mbele ya kigoda. "Naomba kitu changu, mdogo wangu." Baba akamkabidhi pedi kwa mikono miwili, akapokea jogoo, na jogoo akalichafua shati la kanisani kuanzia kolani hadi mfukoni. Kicheko kilichotoka humo kilimleta Bi Tatu mbio kabla hajaitwa. Alikula paja, akalalamika kwamba ni gumu kama vichwa vya wenye nalo.

Kabati lilisukumwa jioni hiyo hiyo na ubao ukang'olewa. Mpanda walihama, ndiyo. Kazi ni kazi. Walihama wakipitisha mizigo kwenye mlango wa Babu, sote tukiibeba, na kila likizo Mihayo alirudi, wala hatukuulizana majina.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba waliopatanisha wazee wangu ni watu wa umeme. Nilikuwa hata nikisimulia hivyo, watu wanacheka. Juzi, baada ya kuisikia ile pii, nilijisingizia shida ya chumvi, nikaenda kwa jirani. Mtoto wao alikuwa amechomeka pedi yake kwenye waya, amekaa anaichunga. Mama yake alikuwa na maharage jikoni, tukaongea. Maharage hayajaiva, taa za pedi zikaacha kupepesa, mtoto akaruka juu: "Imejaa!" Nikabaki na kikombe cha chumvi mkononi. Jumapili ile tuliingia kwa Baba Mkubwa mara tu baada ya misa, na umeme ulikatika jua likiwa limeshapita kalenda.

Nikampigia baba. Amezeeka sasa, anaongea na simu kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Nilimwamkia, nikamuuliza habari za mgongo wake, kisha nikamuuliza kama siku ile, umeme ulipokatika, pedi ilikuwa haijajaa kweli.

"Ilijaa mapema," akasema. "Shemeji alikuwa hajaleta hata maji. Nikawa nawazibieni kwa kiganja."

"Na Baba Mkubwa hakujua?"

"Mwanangu," baba akasema, "yeye ndiye aliyekuwa amekaa upande wa taa."